Kutunguliwa na Kurejea: Historia ya Ustahimilivu wa Helikopta za Kijeshi Dhidi ya Mashambulizi ya Ardhini Katika Afrika Mashariki na Maziwa Makuu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya usanifu wa helikopta za kijeshi zinazoweza kustahimili risasi na makombora yanayofyatuliwa kutoka ardhini. Ushahidi mkuu unatokana na matukio ya Mogadishu mwaka 1993, Sudan Kusini mwaka 2012 na 2014, na Kivu ya Kaskazini kati ya mwaka 2013 na 2023. Hoja inayojengwa ni kwamba uhai wa helikopta na wa watu waliomo hautegemei unene wa deraya, bali hutegemea usanifu unaokubali tangu mwanzo kwamba chombo kitapigwa. Makala yanaonesha pia kwamba kitenzi "kutungua", ambacho kimetawala masimulizi ya Kiswahili kuhusu matukio haya, hutunza kumbukumbu ya vyombo vilivyoanguka na kuviacha vile vilivyopigwa vikarejea, ilhali somo la historia hii limo katika kuyalinganisha makundi hayo mawili.

1.0 Utangulizi

Helikopta ya kivita si jambo la mbali kwa msomaji wa Kigali. Tarehe 1 Oktoba 1990, wapiganaji wa RPF-Inkotanyi walivuka mpaka wa Kagitumba na vita vya ukombozi vikaanza. Katika majuma yaliyofuata, jeshi la serikali ya wakati ule lilitumia helikopta aina ya Gazelle katika eneo la Mutara. Gazelle ni helikopta nyepesi iliyosanifiwa Ufaransa kwa kazi za upelelezi na za kushambulia vifaru. Sehemu kubwa ya mbele yake ni kioo, na haina deraya nzito. Kinga yake ni wepesi, kuruka chini na kushambulia kwa mbali. Wapiganaji waliokuwa ardhini, wenye silaha ndogo na za wastani, walikuwa wakikabiliana na chombo cha kutisha ambacho, kikikaribia mno, kingeweza kuumizwa na risasi za kawaida.

Miongo miwili baadaye hali ilikuwa imegeuka. Marubani wa Rwanda walikuwa wakirusha helikopta aina ya Mi-17 chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa huko Sudan Kusini, wakibeba askari, chakula na wagonjwa juu ya ardhi yenye bunduki nyingi. Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi na Ethiopia nazo zimepeleka wanajeshi katika operesheni za amani zinazotegemea vyombo vya aina hiyo. Kwa hiyo, swali la makala haya ni jepesi kulitamka lakini lina uzito kwa familia nyingi za ukanda wetu: helikopta inapopigwa kutoka ardhini, ni kitu gani huamua kama itaanguka au itarejea?

2.0 Chimbuko la Usanifu wa Ustahimilivu

Ili kulijibu swali hilo, hatuna budi kuanza na udhaifu wa chombo chenyewe. Injini ya helikopta ikizimika, chombo hakianguki papo hapo kama jiwe. Rafadha kuu, yaani mapanga yanayozunguka juu, huendelea kuzungushwa na hewa inayopanda kutoka chini, na rubani stadi huweza kuutumia mzunguko huo kutua. Hatari kubwa zaidi imo katika viungo visivyo na mbadala: giaboksi kuu inayoipokea nguvu ya injini, mlingoti wa rafadha, rafadha ya mkia inayozuia chombo kisijizungushe, na vyuma vinavyobadili pembe ya mapanga. Kimoja kikikatika, ustadi wa rubani hauwezi kufidia. Isitoshe, helikopta hufanya kazi karibu na ardhi, na mara nyingi kwa mwendo mdogo, jambo linaloiweka ndani ya masafa ya bunduki ya askari wa kawaida.

Vita vya Vietnam ndivyo vilivyoufanya udhaifu huo uwe suala la usanifu. Marekani ilipoteza huko helikopta zaidi ya 5,000, kwa mashambulizi na kwa ajali. Nyingi zilikuwa za aina ya UH-1, zenye injini moja na ganda jembamba la alumini. Mwanzoni suluhisho lilikuwa kuongeza vipande vya deraya katika viti vya marubani. Baadaye wahandisi walibaini kwamba askari wengi walionusurika anguko lenyewe walikufa kwa moto uliofuata, kwa kuwa matangi ya mafuta yalipasuka. Hivyo matangi yasiyopasuka kirahisi yakaanza kufungwa.

Mafunzo hayo yaliingizwa katika masharti ya helikopta mpya ambayo Jeshi la Marekani liliyatoa mwaka 1972. Zao lake ni UH-60 Black Hawk, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1974 na kuanza kutumika mwaka 1979. Usanifu wake ulifuata kanuni nne. Kwanza, kiungo muhimu kiwe na mwenzake: injini mbili, na mifumo ya haidroliki zaidi ya mmoja. Pili, viungo hivyo vitenganishwe, ili pigo moja lisivimalize vyote; injini zake zimewekwa pande mbili za giaboksi. Tatu, kiungo kilichoumia kiendelee kufanya kazi kwa muda. Giaboksi ilitakiwa ihimili dakika 30 baada ya mafuta yake ya kulainisha kuvuja, muda unaotosha kuondoka katika eneo la hatari. Nne, chombo kikianguka, watu wapone. Miguu ya kutulia na viti vilisanifiwa kumeza sehemu ya kishindo badala ya kukifikisha katika uti wa mgongo wa abiria.

Muungano wa Sovieti ulifuata njia tofauti kidogo. Mi-24, iliyoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilikuwa na vioo vinene vya mbele na deraya ya kumzunguka rubani. Hata hivyo, Afghanistan iliionesha mipaka ya njia hiyo. Kuanzia Septemba 1986, wapiganaji wa Afghanistan walipopata makombora ya Stinger yanayofuata joto la injini, deraya ya rubani haikuweza kuizuia hatari iliyoelekea kwenye injini. Jibu la Wasovieti lilikuwa kuichanganya hewa ya moto inayotoka injini na hewa baridi, kurusha mienge ya moto ya kulipotosha kombora, na kufunga taa maalumu ya kulivuruga jicho lake. Hapa tunaona jambo litakalojirudia katika historia ya ukanda wetu: kila silaha mpya huibadili maana ya kinga.

3.0 Mogadishu, 1993

Jaribio kali la usanifu wa Black Hawk halikufanyika Ulaya, ambako watu wengi walidhani vita kuu ijayo ingetokea, bali kwenye mwambao wa Bahari ya Hindi. Tarehe 25 Septemba 1993, Black Hawk moja iliangushwa Mogadishu, na watu watatu waliokuwemo wakafa. Siku nane baadaye, tarehe 3 Oktoba, kikosi cha Marekani kiliingia katikati ya mji kuwakamata wasaidizi wa Jenerali Mohamed Farrah Aidid. Wapiganaji wa Kisomali waliwakabili kwa bunduki na kwa RPG, silaha iliyoundwa kwa ajili ya kuvunja vifaru. RPG haina jicho la kufuata joto wala rada. Ni silaha ya mtu mmoja, ya masafa mafupi, ambayo huilenga helikopta kwa mafanikio pale tu inapoelea au kupita taratibu juu ya mapaa.

Matokeo yake yanajulikana duniani kote: Black Hawk mbili zilianguka mjini, wanajeshi 18 wa Marekani wakauawa, na Wasomali kwa mamia wakapoteza maisha, wakiwemo raia. Jambo lisilosimuliwa sana ni kwamba siku hiyo RPG hazikupiga Black Hawk mbili tu, bali nne. Ya tatu ilipigwa ilipokuwa ikielea kushusha askari wa uokoaji kwa kamba. Rubani aliishikilia hadi askari wa mwisho waliposhuka, kisha akairudisha uwanja wa ndege. Ya nne ilipigwa ikitoa ulinzi kutoka juu, ikajikokota hadi eneo la bandari lililokuwa mikononi mwa majeshi ya kimataifa, na huko ikatua kwa kishindo.

Hata katika zile mbili zilizoanguka, masharti ya mwaka 1972 yaliacha alama. Helikopta ya rubani Michael Durant ilipigwa mkiani, ikaendelea kuruka kwa muda mfupi, ndipo rafadha ya mkia ikakatika. Chombo kilianguka kikizunguka. Durant alivunjika mguu na kuumia mgongo, lakini alitoka hai, akashikiliwa mateka kwa siku 11, kisha akaachiliwa. Usanifu haukuweza kuunusuru mkia. Ulimpa mtu nafasi ya kuwa hai baada ya mkia kukatika.

Mkasa huo una pande mbili. Wapiganaji wa Mogadishu hawakulishinda deraya. Walikilenga kiungo kisicho na mbadala, katika mahali na mwendo uliowafaa. Na wahandisi, kwa upande wao, hawakujenga chombo kisichotunguliwa. Walijenga chombo ambacho, kati ya vinne vilivyopigwa, viwili viliweza kuondoka katika mitaa ya vita. Mwanahistoria akihesabu vile viwili vilivyoanguka peke yake, atahitimisha kwamba usanifu ulishindwa. Akivihesabu vyote vinne, hitimisho lake litakuwa la uangalifu zaidi.

4.0 Sudan Kusini na Kivu

Matukio ya karne hii yanahusu zaidi helikopta za kubebea watu na mizigo kuliko za kushambulia. Tarehe 21 Desemba 2012, helikopta ya Umoja wa Mataifa ilitunguliwa na jeshi la Sudan Kusini karibu na Likuangole, jimboni Jonglei, na Warusi wanne waliokuwemo wakafa wote. Tarehe 26 Agosti 2014, Mi-8 nyingine iliyokodiwa na Umoja wa Mataifa ilitunguliwa karibu na Bentiu. Watatu walikufa na mmoja akanusurika. Vyombo vya aina hii hupakwa rangi nyeupe na kuandikwa herufi za Umoja wa Mataifa. Rangi hiyo nayo ni kinga, lakini ni kinga ya kisheria: humtaka mwenye bunduki aione, aitambue na aiheshimu. Asipofanya hivyo, kinachobaki ni ganda jembamba la chombo cha uchukuzi.

Huko Kivu ya Kaskazini historia ilikuwa na sura mbili. Azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, la tarehe 28 Machi 2013, liliunda Brigedi Maalumu ya Kuingilia Kati iliyojumuisha majeshi ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Mwishoni mwa mwaka huo, Afrika Kusini ilitumia helikopta za Rooivalk dhidi ya waasi wa M23. Hayo yalikuwa mapigano ya kwanza ya chombo hicho, ingawa kilikuwa kimeruka mara ya kwanza tarehe 11 Februari 1990. Rooivalk ilisanifiwa kutokana na uzoefu wa vita vya Angola, na ni 12 tu zilizoingia katika huduma. Katika vilima vya Rutshuru, ilipiga kwa roketi na kuondoka. Haikusubiri kupimwa uimara wake.

Sura ya pili ni ya vyombo vya uchukuzi. Tarehe 29 Machi 2022, helikopta aina ya Puma ya kikosi cha Pakistan katika MONUSCO ilianguka katika eneo la Tshanzu, Rutshuru, wakati wa mapigano. Watu wanane waliokuwemo walikufa: Wapakistani sita, Mrusi mmoja na Mserbia mmoja. Jeshi la Kongo na M23 walitupiana lawama. Tarehe 5 Februari 2023, helikopta aina ya Oryx ya kikosi cha Afrika Kusini ilishambuliwa kwa risasi ilipokuwa ikitoka Beni kwenda Goma. Mwanajeshi mmoja aliuawa ndani ya chombo na mwingine akajeruhiwa, lakini helikopta iliendelea hadi uwanja wa ndege wa Goma ikatua.

Oryx ni mwana wa Puma: Afrika Kusini iliichukua Puma, ikaipa injini zenye nguvu zaidi na kuiboresha. Tungeweza kushawishika kusema kwamba maboresho hayo ndiyo yaliyoitofautisha hatima ya vyombo hivyo viwili. Hilo lingekuwa kosa la kimbinu. Vyombo viwili vya ukoo mmoja havikupigwa mahali pamoja, wala kwa silaha ile ile, wala katika hali ile ile ya anga. Tunachoweza kusema kwa hakika ni kidogo lakini kina thamani: mwaka 2023 risasi ziliingia mahali palipokuwa na watu, zikaua, na bado mfumo wa kurusha chombo ukabaki mzima kiasi cha kuwafikisha waliosalia uwanjani. Hiyo ndiyo maana halisi ya ustahimilivu, na ndiyo gharama yake pia.

5.0 Mwinuko, Joto na Bei ya Deraya

Hapa msomaji anaweza kuuliza: kwa nini basi vyombo hivi visifunikwe deraya pande zote, kama magari? Jibu limo katika jiografia yetu. Goma ipo kwenye mwinuko wa takribani mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Kigali ni hivyo hivyo. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa takribani asilimia 14 kuliko pwani, na joto la mchana huizidisha wepesi. Rafadha hupata nguvu ya kuinua kutokana na hewa hiyo hiyo, na injini nayo huivuta hiyo hiyo. Kila kilo ya deraya inayoongezwa lazima itoke mahali fulani: katika mafuta, katika idadi ya majeruhi wanaobebwa, au katika akiba ya nguvu ambayo rubani huihitaji kukwepa kilima. Karisimbi ina mita 4,507. Milima ya ukanda huu haisamehi upungufu wa nguvu.

Tarehe 12 Agosti 2012 ilitukumbusha kwamba risasi si hatari pekee. Mi-24 tatu za Uganda, zilizokuwa safarini kwenda Somalia, zilianguka katika Mlima Kenya, na wanajeshi wakapoteza maisha. Hakuna aliyezifyatulia risasi. Mi-17 iliyokuwa katika msafara huo huo, chombo cha uchukuzi kisicho na sifa ya deraya kama Mi-24, ilivuka salama. Hatusemi kwamba deraya ndiyo iliyoziangusha. Tunasema kwamba deraya haikuwa na la kufanya mbele ya mlima na mawingu. Msanifu anayeitafuta kinga dhidi ya tishio moja huku akiyasahau mengine humkabidhi rubani chombo kizito, si chombo salama.

6.0 Msamiati na Kumbukumbu

Mtafiti wa lugha ana jambo la kuongeza katika historia hii. Neno "deraya" liliingia Kiswahili kutoka Kiarabu, likimaanisha vazi la chuma la mpiganaji. Kwa maana hiyo liliufaa mwili wa mtu mmoja anayekabiliana na upanga na mkuki, na limehamia bila taabu katika "gari la deraya". Katika helikopta, taswira hiyo hupotosha. Humfanya msikilizaji adhani kwamba usalama ni suala la ganda la nje, na chombo kinapoanguka aulize deraya ilikuwa nene kiasi gani, badala ya kuuliza ni kiungo gani kilipigwa na kama kilikuwa na mbadala.

Kitenzi "kutungua" nacho kina historia yake. Asili yake ni kukishusha kitu kilichotungikwa juu. Kitenzi hiki kimekamilika: kilichotunguliwa kimeshuka, na habari imekwisha. Ndiyo maana masimulizi yetu ya Mogadishu yana helikopta mbili badala ya nne, na tukio la Oryx la mwaka 2023 halina kitenzi chake. Si suala la mapambo ya lugha. Taarifa ya uchunguzi, somo la chuo cha kijeshi na barua kwa familia vyote huandikwa kwa maneno, na kisichotajwa hakichunguzwi.

Kiswahili hakikosi nyenzo. Makala haya yanapendekeza kutofautisha dhana tatu: "kuepa", yaani kutoonekana au kutopigwa, "kustahimili", yaani kupigwa bila chombo kushindwa kuruka, na "kunusurika", yaani watu kutoka hai baada ya anguko. Mienge ya moto ni ya kuepa, injini mbili ni za kustahimili, na kiti kinachomeza kishindo ni cha kunusurika. Vilevile, kiambishi "-ka-" cha masimulizi kinatupatia namna nyepesi ya kuandika kumbukumbu: helikopta ilipigwa ikaanguka, ilipigwa ikatua kwa dharura, ilipigwa ikarejea. Kumbukumbu zikiwekwa kwa mafungu hayo matatu, itawezekana kulinganisha.

7.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaanzia Vietnam na kufika Kivu, lakini somo lake ni moja. Helikopta isiyoweza kutunguliwa haijapata kujengwa. Kilichojengwa, kwa gharama ya maisha ya wengi, ni chombo kinachoweza kuumia na bado kikampa rubani dakika chache za kuwarudisha wenzake, au kikawapa abiria nafasi ya kupona kinapoanguka. Usanifu huo una mipaka inayowekwa na silaha, na mwinuko, na uzito, na hata na utayari wa mwenye bunduki kuiheshimu rangi nyeupe.

Mataifa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yanaendelea kununua, kukodi na kurusha vyombo hivi, na vijana wake wanaendelea kuvipanda. Kiswahili, ambacho Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017 na ambacho ni lugha ya kambi nyingi za majeshi ya ukanda huu, kinapaswa kuweza kuuliza maswali sahihi kabla ya chombo kununuliwa: kiungo kipi hakina mbadala, kitahimili dakika ngapi kikiumia, kitabeba uzito gani katika mwinuko wa Goma, na watu wataponaje kikianguka. Aidha, taasisi zinazotunza kumbukumbu za operesheni za amani ziandike pia habari za vyombo vilivyopigwa vikarejea. Waliomo katika vyombo hivyo ndio mashahidi walio hai, na ushahidi wao ukikusanywa mapema utawafaa watakaoruka kesho.